Kabari Nne za Mkwaju

"Nimekugusa kidole gani?"

Nilikuwa nimefumba macho, viganja vimelala juu ya meza, na daktari alikuwa na kipande cha pamba. Nilijua ni pamba kwa sababu niliiona kabla ya kufumba. Nilingoja nihisi kitu. Nilikuwa nimefanya mitihani mingi katika maisha yangu, lakini sikuwahi kuulizwa swali ambalo jibu lake lilikuwa kwenye mwili wangu mwenyewe nami nisiwe nalo.

"Cha shahada," nilibahatisha.

"Mkono upi?"

"Wa kulia."

Nilipofumbua macho alikuwa akiandika, na Mama, aliyesimama karibu na mlango, alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya leso. Tulipotoka nje ndipo aliponiambia. Wakati nilipokuwa nikingoja kuguswa, daktari alikuwa ameshanigusa vidole vyote vya mikono miwili, kimoja baada ya kingine, na kurudia.

Naandika haya kwa sababu sasa naweza kushika kalamu ukurasa mzima bila kuidondosha, na kwa sababu najua kuna watu kando ya mto huu wanaoshika mashine kama niliyoshika mimi na kuamka na mikono kama yangu. Sitaeleza ugonjwa wenyewe, siufahamu kiasi hicho. Nitaeleza ilivyokuwa.

Mwishoni mwa mwaka wa tisini na saba nilirudi nyumbani kutoka chuo kikuu, nikiwa na shahada na bila kazi. Kijiji chetu kipo ukingoni mwa Tana, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka Garsen. Sikukaa hata mwezi, maji ya El Nino yakaja. Mto ulipanda ukaingia mashambani, ukaingia msikitini, barabara ya Malindi ikakatika, na kwa muda mrefu hapakuwa na njia ya kwenda popote isipokuwa kwa mtumbwi. Kila mtu akataka mtumbwi. Na mchongaji mitumbwi alikuwa baba yangu.

Baba alikuwa na pawaso, msumeno wa petroli wenye mnyororo, aliouachiwa na mkandarasi mmoja wa barabara. Kabla ya hapo aliyeushika alikuwa kaka yangu Komora, lakini Komora alikuwa Kipini akivua, na mgongo wa Baba ulikuwa umekataa kuinama na uzito ule. Tulikuwa na magogo makubwa ya mikuyu yaliyoletwa na mto wenyewe hadi mlangoni, na hapakuwa na wa kuyapasua.

"Mimi nitashika," nilisema.

"Wewe?" Baba alinitazama mikono. "Hii si kalamu."

"Nionyeshe ni nini basi."

Alinionyesha, na alikuwa mwalimu mzuri. Alinifundisha kuchanganya petroli na oili yake kwanza kwenye mtungi, si ndani ya tangi. Alinifundisha kukaza mnyororo mpaka ukiuvuta kwa vidole unyanyuke kidogo na kurudi, na kuunoa kwa tupa ya mviringo kila tangi linapokwisha, kwa mapigo sawa kila jino, kuelekea upande mmoja. Alinifundisha kuiwasha ikiwa chini, mguu umekanyaga mpini, si kuining'iniza hewani kama vijana wanavyofanya wakitazamwa. Zaidi ya yote aliniogopesha kuhusu ncha ya lile bapa refu linalozungukwa na mnyororo. Ukichonga tumbo la mtumbwi unakata mifereji ya kupita katikati ya gogo, halafu Baba anakuja na tezo kubomoa kilichobaki baina ya mfereji na mfereji. Ndani mle, ncha ikigusa ubavu wa gogo, mashine inaruka kukufuata usoni. Niliambiwa nisimame pembeni, kamwe nisiwe nyuma yake moja kwa moja, na kidole gumba kizunguke mpini wa mbele.

Watu walikuja kutazama. Waliniita Profesa wa Pawaso. Mzee mmoja aliuliza kama chuo kikuu siku hizi wanafundisha kupasua magogo, nikamjibu kwamba ndilo somo pekee lililobaki lenye ajira. Nilikuwa na furaha, nasema kweli. Tulifanya mitumbwi minne kabla ya mfungo.

Kisha mpini ukaanza kulegea. Baina ya mpini na injini kulikuwa na vipande vinne vya raba, na vilikuwa vimechakaa, viwili vimepasuka kabisa, mashine ikawa inayumba mkononi. Vipuri vilikuwa Malindi na Malindi ilikuwa ng'ambo ya maji. Baba akaitazama kama anavyotazama mtumbwi. Kwa mchongaji, kitu kinachocheza kina kasoro: ubao ukicheza unaingiza maji, na dawa yake ni kabari. Alichonga kabari nne za mkwaju, mti mgumu kuliko yote tuliyokuwa nayo, akang'oa zile raba, akapigilia kabari mahali pake na kuzifunga kwa waya.

"Jaribu," alisema.

Niliishika. Mpini na injini vilikuwa kitu kimoja, imara kama jiwe.

"Sasa hii imekuwa mashine," alisema Baba, nami nikakubaliana naye. Mimi niliyekuwa nikihoji kila kitu, tangu tende za futari hadi hotuba za chifu, sikuuliza raba zile ziliwekwa za nini.

Wiki chache baadaye mikono ilianza kulia. Sina neno jingine. Nikizima pawaso, mlio uliendelea ndani ya viganja, kama umepiga makofi kwa saa nzima. Nilidhani ni kuzoea. Halafu asubuhi, nikiteka maji mtoni, vidole vitatu viligeuka vyeupe hadi kwenye kifundo cha kati, vyeupe kama vimechovywa kwenye unga, na vikabaki hivyo mpaka jua likapanda. Nilivificha ndani ya leso. Vifungo vya blauzi vilinishinda, Mama akanifunga. Vikombe vilidondoka.

Siku moja nilishika sufuria ya sima ikiwa jikoni ili niisogeze. Mama ndiye aliyepiga kelele. Mimi nilinusa tu kitu kinaungua, nikawa natafuta ni nini.

Lengelenge lilipoinuka kwenye vidole viwili bila maumivu yoyote, jirani yetu aliyekuja kutuona alilitazama, akatazama weupe wa vidole vingine, akasogeza mkeka wake nyuma. Hakutamka neno. Kufikia alasiri lilikuwa limeshatamkwa kijiji kizima. Ukoma.

Hospitali tuliyokwenda sitaitaja, walifanya walivyojua. Maji yalikuwa yameanza kushuka, tukaenda kwa mtumbwi na kumalizia kwa miguu kwenye tope. Baada ya ile pamba, walinikata kidogo kwenye ncha ya sikio na kwenye kiwiko, wakachukua majimaji ya kwenda kupimwa mbali. Niliuliza maswali yangu.

"Mwenye ukoma hana mabaka? Mimi sina hata baka moja."

"Aina nyingine haionyeshi mabaka," alijibu daktari.

"Mtajuaje basi?"

"Dada, wewe mikono yako inahisi au haihisi?"

"Haihisi."

"Basi."

Nilikuwa na swali jingine lakini lilipotea. Kwenye kadi yangu, mahali pa kuandika kazi, niliulizwa na karani nafanya nini, nikasema nimetoka chuo kikuu. Niliona haya kusema napasua magogo. Akaandika "mwanafunzi".

Dawa zilikuja kwa pakiti, moja kila mwezi. Siku ya kwanza ya kila pakiti nilimeza vidonge vikubwa mbele ya daktari, na mkojo wangu ukawa mwekundu siku hiyo nzima. Mara ya kwanza nilidhani ninakufa, kwa kuwa hakuna aliyenionya. Vidonge vingine nilivimeza nyumbani kila siku, na kidogo kidogo vikanibadili rangi. Uso ulikuwa mweusi wa namna ambayo si yetu, mweusi wenye wekundu ndani yake, kama shaba iliyoungua. Mama alichukua kioo kidogo alichokiacha Komora akakiweka mahali nisipokiona. Tangu hapo nahesabu mwaka ule kwa pakiti, si kwa miezi.

Siku za dawa tulikuwa wachache kwenye benchi la nje. Daima alikuwepo mama mmoja wa Kiorma, mfugaji kutoka bara ya Garsen, mrefu, mwenye vidole vilivyofupika na sauti kubwa. Aliitwa Mama Bonaya. Siku ya kwanza alipiga ubao wa benchi pembeni yake.

"Kuja kaa. Benchi hakuna uma mtu."

"Nimezoea kusimama, mama."

"Simama basi. Miguu ni yako." Akacheka, akanitazama vizuri. "Wewe msichana, mkono yako nanuka petroli. Wewe nafanya dereva?"

"Hapana. Nimesoma chuo kikuu."

"Chuo kikuu nanuka petroli?" Wote kwenye benchi walicheka, nami nikaenda kusimama karibu na mlango. Hapo ndipo niliposimama kila mara baada ya siku ile. Nilijiambia kwamba mimi kesi yangu bado haijathibitishwa.

Pakiti ya pili, barabara ilikatika tena, petroli ikaisha kijijini, pawaso ikakaa kimya chini ya turubai. Vidole vikaanza kurudi. Nilihisi ubaridi wa mtungi, nikafunga vifungo vyangu mwenyewe. Daktari alifurahi akasema dawa inafanya kazi. Niliamini. Nilitaka sana kuamini.

Pakiti ya tatu malori yalipita, petroli ikaja na oda za mitumbwi juu yake, nikarudi kazini nikijihesabu nimepona nusu. Ndani ya wiki mbili ganzi ilikuwa imefika kifundo cha mkono. Daktari alihesabu vidonge vilivyobaki.

"Unameza kweli?"

"Mkojo wangu hujauona?"

"Watu wa Tana mna maneno," alisema, akaandika kwamba kuna shaka kama mgonjwa anameza dawa. Shaka nilikuwa nayo, lakini si ya kumeza. Siku hiyo ndipo nilipoanza kuandika kwenye daftari, nikirudi nyuma hadi pakiti ya kwanza: tarehe, nimefanya nini, vidole vikoje. Sikujua natafuta nini. Niliandika hata nilichokula.

Komora alirudi kutoka Kipini kwenye pakiti ya nne. Alikuwa ameshaambiwa njiani. Alinisalimia kwa mbali, na chakula kilipowekwa akachukua sahani yake akaenda kula barazani. Mama alikuwa ameshanitengea sahani na kikombe changu, akidai ni kwa ajili yangu, nipumzike kuosha vya wengine. Komora hakutafuta kisingizio.

"Hawa, nina mchumba," aliniambia. "Usinielewe vibaya."

"Nimekuelewa vizuri sana."

Aliichukua pawaso, akisema mgonjwa hafai kufanya kazi ile. Sikubisha. Nilishinda nikinoa minyororo, na mikono yangu ikapata nafuu kidogo. Daktari akaipa sifa dawa. Pakiti ya tano hivyo hivyo.

Kwenye pakiti ya sita Komora alidondosha kikombe.

Alikiokota haraka, lakini Mama aliona, na Baba aliona Mama akiona. Baba alimwamuru anyooshe mikono. Vidole viwili vilikuwa vyeupe. Komora akanigeukia na kusema jambo ambalo ameniomba radhi kwalo mara nyingi, kwa hiyo sitaliandika.

Kesho yake Baba aliniita. Aliongea akitazama tezo lake. "Mwanangu, utakwenda Wenje, kwa mama yako mdogo. Ana kibanda shambani. Utakaa mpaka dawa ziishe."

"Na zisipoisha?"

"Usinihoji leo, Hawa. Siku nyingine nihoji, leo acha."

Mama alikuwa akifunga vitu vyangu, polepole mno, anafunga na kufungua. Nilichukua daftari nikalisoma upya tangu mwanzo. Nilikuwa nimechanganyikiwa kiasi kwamba nilisoma kurasa mbili bila kuelewa mwandiko wangu. Tarehe za nafuu. Tarehe za ganzi. Pembeni ya tarehe za nafuu nilikuwa nimeandika mara kwa mara: hakuna petroli, au: Komora ana pawaso. Nilidhani ni malalamiko ya kazi.

Nilitoka nikamfuata Komora barazani.

"Tangu urudi umekula sahani moja na mimi?"

"Hata siku moja."

"Kikombe?"

"Unataka nini?"

"Kikombe, Komora. Mkeka, kitanda, taulo, chochote."

"Hakuna! Ndiyo maana nashangaa!"

"Nami nashangaa. Tumeshika kitu gani sote wawili?"

Alifikiri. Macho yake yakaenda kwenye turubai.

Baba, aliyekuwa akisikiliza, alisema, "Chuma hakina ukoma."

"Ndivyo ninavyosema, Baba."

Nilimwomba wiki tatu. Komora asiguse pawaso wala asimeze kidonge chochote, nami nisiende Wenje mpaka wiki hizo zipite. Vidole vyake vikibaki vyeupe, nitaondoka kwa miguu yangu. Baba alikubali kwa kuwa kilikuwa kipindi cha kiangazi na kazi ilikuwa ndogo, na kwa kuwa Mama alisema, bila kugeuka, kwamba hafungi tena vitu vya mtu.

Wiki ile ya kwanza Komora alikuwa akinionyesha mikono asubuhi na jioni kama mtoto anayeonyesha kucha shuleni. Wiki ya pili weupe haukuja. Wiki ya tatu aliokota sindano sakafuni, mara nne, mbele ya Baba, bila kuulizwa. Hakuwa amemeza hata kidonge kimoja.

Bado hatukujua ni kwa nini. Baba alishika pawaso miaka mingi na mkandarasi naye vilevile. Kwa nini sisi, na kwa nini mwaka huu? Tulibeba mashine hadi Malindi, sote watatu, kwa fundi wa misumeno. Aliifungua, akazitoa zile kabari moja moja, akazipanga mezani, na kuzitazama kwa muda.

"Nani aliyefanya hii kazi?"

"Mimi," alisema Baba, kwa fahari kidogo.

Fundi alimpa pawaso mpya iliyokuwa dukani ashike. Baba aliitikisa. Mpini ukacheza.

"Hii imelegea," Baba alisema.

"Haijalegea, mzee. Imetengenezwa icheze. Injini inatetemeka, raba inameza mtetemo usifike mkononi. Wewe umeondoa raba ukaweka mti. Mtetemo wote umewapelekea watoto wako." Alituuliza tulikuwa tukinoa lini, tunaishika vipi. Akasema mnyororo butu huongeza mtetemo, na anayebana mpini kwa nguvu huupokea zaidi kuliko anayeushika kwa wepesi tu. Watu wake hawapitishi tangi moja bila kupumzika, wanavaa glavu, na asubuhi za unyevu wanapasha mikono kwanza. Alishawaona wapasuaji wengine wenye vidole kama vyetu. "Ukiona weupe, acha. Usingoje."

Baba alirudisha ile mashine mpya juu ya meza taratibu. Aliziokota kabari zake nne akazitia mfukoni. Tulipofika Garsen alininunulia chai akaimimina mwenyewe, akanishikisha kikombe kwa mikono yake miwili kuizunguka yangu, mpaka nikamwambia, "Baba, naihisi. Ni ya moto."

Nilirudi hospitali mara ya mwisho, kwenye pakiti ya saba, nikiwa na daftari langu. Daktari alikuwa mwingine, mgeni. Alisoma majibu ya vile vipimo vya sikio, yaliyokuwa yamekaa kwenye faili muda mrefu, hayakuonyesha kitu. Alisoma kadi.

"Mwanafunzi," alisema. "Wa nini?"

"Napasua magogo kwa pawaso," nilisema, kwa sauti, dirisha likiwa wazi.

Aliniambia niache dawa. Rangi ya uso ilichukua zaidi ya mwaka kuondoka. Kidole cha shahada cha kulia na kile kinachofuata havijarudi kikamilifu hadi leo, na hakuna aliyeweza kuniambia kama vingerudi laiti ningeacha mapema. Sijui pia vile vidonge vilinifanya nini ndani. Nimeuliza.

Nilipotoka, Mama Bonaya alikuwa kwenye benchi lake.

"Wewe naenda? Umepona?"

"Sikuwa na ugonjwa huu, mama," nilimjibu kutoka mlangoni. "Walikosea."

"Vizuri," alisema. "Vizuri sana." Akasogea kidogo, kana kwamba bado angenipa nafasi.

Nilipata kazi ya ualimu. Miaka mingi baadaye muuguzi alikuja shuleni kwetu kuwafundisha watoto, nami nilikaa nyuma ya darasa nikisahihisha madaftari. Hapo ndipo niliposikia kwamba mtu mwenye ukoma, akishaanza zile dawa, baada ya siku chache tu hawezi tena kumwambukiza mtu yeyote. Mama Bonaya alikuwa kwenye pakiti ya nane siku ile ya kwanza aliponiambia nikae kando yake, nami nikasimama.